Mgeni Akipitiliza Siku Zake



Jumapili moja baada ya Misa, tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe tukingoja kikao cha akina mama, mwenzetu mmoja mjane aliuliza swali. Alisema, "Mgeni wangu alilipa siku tatu. Leo ni siku ya tano, hatoki wala halipi. Mimi ni Mkristo. Nimfanye nini?" Baadhi yetu walicheka, maana swali lilionekana dogo. Mmoja akasema, "Mwite mjumbe amtoe." Mwingine akasema, "Mvumilie tu, ukarimu ni amri." Mimi sikucheka wala sikujibu, kwa sababu jambo hilo limekwisha kunipata mara mbili, na mara zote mbili nilikosea, kila mara kwa namna yake. Nimemwomba Mhariri anipe nafasi nijibu hapa, baada ya kulifikiri.

Kwanza nieleze hali yenyewe kwa wale wasioijua. Zamani nyumba za wageni zilikuwa kazi ya matajiri wa mjini. Siku hizi hata sisi wastaafu, ambao kiinua mgongo chetu kiliishia kwenye matofali na mabati, tumetenga chumba kimoja au viwili tunavyovikodisha kwa siku. Hapa kwetu Tanga wageni hawakosekani: wako wanaokuja hospitali, wanaokuja kwenye harusi na misiba, wanaofuata mizigo bandarini, na wanaokuja kuona bahari. Mtoto wa dada yangu alinipigia picha vyumba vyangu akazisambaza kwa simu, na tangu hapo wageni wananipata wenyewe. Bei ni shilingi 25,000 kwa usiku mmoja. Mgeni huweka chumba mapema, hulipa siku alizotaja, na siku ya mwisho hutoka saa nne asubuhi. Mimi nafua mashuka, napiga deki, nafungua madirisha, na ifikapo saa nane mchana mgeni mwingine anaingia. Ndiyo kazi yenyewe. Si utajiri, lakini umeme na dawa ya shinikizo la damu hutoka humo.

Sasa nisimulie kosa langu la kwanza. Alikuja kijana mmoja nadhifu, mwenye kompyuta yake begani, akalipa siku tatu. Siku ya nne asubuhi nilimkuta barazani anakunywa chai. Nilimwuliza kama anaondoka, akasema, "Kesho, mama." Kesho yake akasema hivyo hivyo. Sikumwuliza habari ya fedha. Nilijiambia kwamba mimi ni mwalimu, nimelea watoto wa watu kwa miaka mingi, haifai nimbane mtoto wa mwenzangu kama mdai. Nikaendelea kumwandalia chai, na jioni nikawa namwona akirudi na samaki wake wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti. Mbele yake nilicheka. Nikiwa jikoni nilinung'unika hata sufuria zikanisikia.

Siku ya sita jioni simu ililia. Ilikuwa familia moja kutoka Moshi, baba, mama na watoto wawili, ambao walikwisha kunilipa chumba hicho kwa siku mbili. Walikuwa ndani ya basi, wamekaribia kufika. Nilikuwa na chumba kimoja tu kilichobaki na tayari kilikuwa na mtu. Nikawaambia ukweli kwa aibu, nikawarudishia fedha zao kwa simu, na watu wale wakashuka stendi usiku na kuanza kutafuta pa kulala huku watoto wanasinzia. Yule kijana aliondoka alfajiri ya siku ya kumi bila kuaga. Alikuwa amelala usiku sita asioulipia, ambao ni shilingi 150,000. Lakini mpaka leo ninachokumbuka si fedha hizo. Nakumbuka sauti ya yule mama wa Moshi aliponiuliza, "Sasa mwalimu, sisi twende wapi?"

Basi, tuwaulize wazee wetu. Waswahili wana methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, aliikumbusha methali hiyo ili kuonyesha kwamba jamii yetu ya jadi, pamoja na ukarimu wake, haikulea kupe. Akaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha methali: kwa kweli mgeni mara nyingi aliomba jembe mwenyewe kabla hajapewa, maana alijua wajibu wake na angeona haya kukaa bure.

Majirani zetu Waislamu nao wamefundishwa na Mtume wao kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Na kwamba si halali mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wakristo wa kwanza pia walikuwa na kanuni yao. Kuna kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didake, yaani Mafundisho. Kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, hata msomi mmoja wa Kanisa la Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, alipokiona katika maktaba moja huko Konstantinopoli mwaka 1873. Humo tunasoma kwamba msafiri ajaye kwa jina la Bwana apokelewe na kusaidiwa kadiri iwezekanavyo, lakini asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikiwa kuna haja. Akitaka kuhamia na ana ufundi, na afanye kazi, ale. Tazameni jinsi mzee wa pwani mwenye jembe lake, jirani anayekwenda msikitini na Mkristo wa kale walivyokubaliana bila kukaa kikao. Wote wanahesabu siku, na wote wanaanza kwa kumpokea mgeni vizuri.

Nilipokuwa natafakari hayo niliona kwamba siku tatu hazikuwekwa kwa uchoyo. Mwenyeji akijua kuwa ukarimu una mpaka, atafungua mlango kwa moyo mweupe. Asipojua mwisho ni lini, ataanza kuogopa hata kubisha hodi. Wale wageni watatu wa Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre waliandaliwa ndama na mikate, wakala, wakasema neno lililowaleta, wakainuka wakaenda zao siku ile ile. Nadhani ni sehemu ya sababu tunawakumbuka kwa furaha.

Lakini je, methali hii inamhusu mgeni aliyelipa? Yule wa jembe alikula bure. Huyu wangu ametoa fedha. Wako wanaosema kwamba fedha zikiingia ukarimu hutoka, yanabaki mapatano tu kama ya dukani. Mimi sikubali. Ni kweli kwamba kwa mgeni wa kulipa siku hazihesabiwi kwa methali, zinahesabiwa kwa mapatano. Akisema tatu ni tatu, akisema kumi ni kumi. Lakini amelala chini ya paa langu, ameninyooshea mkono asubuhi, na nikisikia anakohoa usiku nitaamka. Fedha imeweka mpaka wa siku, haikufuta utu.

Sasa tuone kosa la kupitiliza liko wapi hasa. Wengi husema ni fedha ya mwenye nyumba. Hiyo ni sehemu ndogo. Pale chuo cha ualimu mkufunzi wetu alituonya sana juu ya kipindi. Kipindi cha shule kina dakika zake. Kengele ikilia na wewe bado unafundisha, hata kama somo ni tamu na watoto wanakusikiliza, unakula dakika za mwalimu aliyesimama mlangoni na chaki yake. Wewe unadhani unawapa watoto zaidi. Kumbe unatoa katika mfuko wa mwenzako. Mgeni anayepitiliza ni mwalimu yule. Anadhani jambo ni kati yake na mimi, na pengine anajiambia kwamba mama huyu ni mpole na chumba hakiliki. Hamwoni mtu wa tatu aliye njiani ndani ya basi, ambaye usiku ule umekwisha kuwa wake. Chumba ni changu, lakini usiku ule ni wa mtu mwingine. Kwa hiyo hata mimi mwenye nyumba sikuwa na haki ya kuutoa kwa upole wangu. Nilipomvumilia yule kijana nilijiona mkarimu, kumbe nilikuwa nagawa mali ya watoto wa Moshi.

Na hapo ndipo nilipoijua dhambi yangu ya kwanza. Haikuwa ukali, ilikuwa woga uliovaa kanzu ya ukarimu. Mtume Petro anatuagiza tukaribishane bila kunung'unika, nasi huwa tunadhani maana yake ni kufunga mdomo. Kumbe anayefunga mdomo na kunung'unika moyoni ndiye hasa aliyeivunja amri. Yule kijana hakuambiwa neno hata moja la kweli katika nyumba yangu kwa siku sita. Nilimnyima nafasi ya kuona haya na kujirekebisha. Jembe linalotajwa katika methali ni lazima mtu alitoe, amkabidhi mgeni mkononi. Mimi nililificha uvunguni, kisha nikamlaumu kwa kutolilima shamba.

Serikali nazo zina sheria zao. Katika jimbo la New York huko Marekani, mtu akikaa chumbani siku 30 mfululizo hawezi kutolewa ila kwa amri ya mahakama. Mwaka 2014 kulikuwa na habari iliyoenea sana kutoka mji wa Palm Springs, California: mgeni alikodi nyumba kwa siku 44, na muda ulipopita akakataa kutoka, akidai kuwa sasa ana haki za mpangaji. Sheria kama hizo zina sababu njema, maana bila hizo wenye nyumba wakatili wangewatupa watu nje na watoto wao. Sheria hutuambia ni siku gani mgeni anageuka kuwa mpangaji. Haituambii moyo wa mgeni umegeuka lini, wala wa mwenyeji.

Moyo wangu uligeuka baada ya yule kijana. Niliandika masharti kwa kalamu nyekundu nikayabandika nyuma ya mlango: kutoka saa nne kamili, asiyelipa asilale. Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja kijana kutoka vijijini, akalipa siku mbili. Alisema amemleta mama yake kliniki. Alikuwa akitoka kabla ya jua na chupa ya uji, na kurudi usiku. Hakuwa na maneno. Siku ya tatu alipaswa kutoka. Hakutoka wala hakusema kitu, akalala usiku ule. Asubuhi ya nne niligonga mlango wake, kumbe amekwisha kwenda. Siku ile saa nane nilikuwa na wageni wengine waliokwisha kulipa.

Nikasema moyoni, "Safari hii sifanywi mjinga." Nikafungua kwa ufunguo wangu wa akiba, nikakunja kanga zake mbili na gauni, nikatia katika begi lake pamoja na kikombe na sabuni, nikaliweka barazani. Wageni wapya wakaingia kwa wakati. Aliporudi ilikuwa kama saa tatu usiku. Nilimpokea langoni, na lango sikulifungua lote. Nilimwambia masharti yako wazi mlangoni, na kwamba ananidai mimi kumdai, yaani usiku mmoja. Alilitazama begi. Akasema, "Sawa, mwalimu. Nisamehe." Akalichukua akaenda. Nililala usingizi mzuri usiku ule, nakiri mbele yenu.

Siku chache baadaye mwanakwaya mmoja ambaye ni mwuguzi alinieleza, bila kujua ninahusika, habari za binti aliyekuwa akilala kwenye benchi la nje ya wodi na begi lake kichwani, kwa kuwa mama yake alilazwa ghafla siku ile ile waliyofika na fedha yote ilikwisha kwenye vipimo. Nilimwuliza kanga za binti huyo ni za rangi gani. Nilipojibiwa sikuuliza tena.

Mtu anaweza kunitetea akisema wale wageni wapya walikuwa na haki yao, na mimi mwenyewe nimetoka kusema usiku ule ni wa mtu mwingine. Ni kweli, na chumba kile ilinilazimu kukitoa. Kosa langu si hilo. Kosa ni kwamba kwa yule kijana sikusema, na kwa huyu binti sikuuliza. Maneno mawili tu, "Kuna nini?", yangetosha. Nina godoro la ziada, na sebule yangu ina mkeka. Sikuwa na upungufu wa nafasi. Nilikuwa na hasira ya mtu mwingine ambayo sikuipata pa kuitulia, nikamtwika huyu.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma upya habari ya Msamaria Mwema katika Luka 10. Mahubiri yetu mengi huishia kwenye mafuta na divai. Lakini mwisho wa habari uko katika nyumba ya wageni, na yumo mtu ambaye hatumhubiri: mwenye nyumba ile. Msamaria alimpa dinari mbili, ambazo zilikuwa ujira wa kibarua wa siku mbili, akamwomba amtunze majeruhi, na akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Angalieni, ndugu zangu, kwamba suala la kupitiliza liko humo humo ndani ya mfano wa Bwana. Msamaria alijua siku zinaweza kuzidi zile alizolipia. Hakunyamaza akangoja zizidi. Alisema kabla hajaondoka, na alimtaja atakayelipa. Neno lilitangulia deni. Na mwenye nyumba hakuambiwa auguze bure, kwa maana kazi yake ni halali. Aliombwa tu aamini. Aliweza kuamini kwa sababu ameambiwa ukweli mapema.

Basi, kwa mwenzetu aliyeuliza chini ya mwembe, jibu langu ni hili.

Kwanza, usingoje siku ya tano. Jioni ya kuamkia siku ya kutoka, mwendee mgeni wako na umwulize kwa upole, "Kesho ndiyo safari, au kuna jambo?" Ukiuliza kabla ya muda kuisha, hujamdai mtu, umempa nafasi ya kusema.

Pili, ukigundua kwamba ana shida, tenganisha shida na chumba. Chumba kinaweza kuwa ni cha mtu mwingine usiku ule, nawe mwambie hivyo waziwazi. Lakini mkeka, simu ya kumpigia ndugu, neno kwa Padre, hivyo ni vyako kuvitoa. Kama utampa siku za bure, zitaje kuwa ni sadaka na useme ni ngapi, asije akaishi kwako kwa kubahatisha.

Tatu, ukigundua kwamba hana shida ila starehe, mpe jembe. Mwambie alipe au atoke, mbele ya shahidi, bila matusi na bila kumshikia vitu vyake. Akikataa, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kufanya hivyo si kukosa upendo. Kuna mtu yuko ndani ya basi anakutegemea.

Na ninyi mnaosafiri, nanyi mna neno lenu. Ukiona siku zako hazitatosha, sema zikiwa bado hazijaisha. Usione haya kwa mwenyeji wako kiasi cha kumwibia. Haya ya kweli ndiyo ile iliyomfanya mgeni wa zamani aombe jembe mwenyewe.

Sijamaliza habari ya yule binti. Yapata mwezi mmoja baada ya usiku ule, simu yangu ilileta ujumbe kwamba nimepokea shilingi 25,000. Lilikuwa jina lake. Hakuandika neno lolote, wala la lawama. Nilimpigia mara tatu, haikupokelewa. Sijui kama mama yake yu hai. Fedha ile nimeitia katika bahasha ndani ya kitabu changu cha wageni, kwenye ukurasa wenye jina lake, na yale masharti ya kalamu nyekundu nimeyabandua mlangoni. Ninayasema kwa mdomo sasa, nikiwa nimeketi na mgeni.

Ni mimi mwalimu mstaafu, Mkristo mwenzenu.